Mvua ya Mama Alfajiri

...manyunyu, alijibu, manyunyu tu, wifi, yalipita haraka, na neno lenyewe lilimtoka kama chafya, hakulipanga, mtu anakuuliza kwa upole, "Kwani kwenu mvua ilinyesha alfajiri?", wewe una kichwa chake katikati ya magoti yako, kichana mkononi, fungu la nywele za bandia limening'inia begani, na badala ya kusema la kweli unasema manyunyu, manyunyu gani kiangazi hiki, wakati vumbi la barabara limepanda mpaka kwenye kioo cha mlango wa saluni na asubuhi hii hii yeye mwenyewe amekifuta na kitambaa kikatoka chekundu, na wifi yake anakaa mitaa miwili tu kutoka kwake, si nchi nyingine, mawingu gani hayo yanayochagua nyumba... njia ya mwongo fupi, na yake haikufika hata kona. Bahati uso wake haukuonekana, msusi anaona kisogo cha mteja na mteja anaona ukuta, na ukutani pana picha za wanawake wenye misuko ambayo hakuna aliyewahi kuiomba, basi wifi alizitazama hizo picha akasema, "Ahaa," ile ahaa ya mtu anayetia kitu mfukoni akitazame baadaye, na yeye akachora mstari mwingine kwa mkia wa kichana, kutoka utosini kushuka, ukapinda, mkono huu haujapinda mstari tangu siku za kujifunza kazi, akaufuta, akachora tena. Kwa sababu mvua ilisikika, hilo ndilo baya, si kwamba aliitaja tu, ilisikika, ilipiga juu ya mabati kwenye simu za akina mama wote wa kikundi cha maombi, na juu yake sauti yake mwenyewe, nzito kidogo, yenye usingizi mtakatifu, wapendwa amkeni, mimi nimeshapiga magoti, sakafu ni ya baridi, mnaisikia mvua hiyo, hata mbingu zimeamka kuomba... na sakafu ilikuwa ya baridi kweli, hakuna shaka, ila yeye hakuwa juu yake, alikuwa kitandani, blanketi limefika puani, jicho moja limefumba, kidole gumba kikafanya kazi yote, kikabonyeza, kikatuma, simu ikarudi chini ya mto na yeye akageukia ukuta, mume wake akauliza, "Nini?", akasema, "Kengele tu," na kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika alikuwa ameshazama tena. Alipoamka jua limetoka alikuta amina zimejaa, amina mama, amina mvua ya baraka, napokea, inyeshe na kwangu, mzee wa kanisa ametuma mikono iliyokunjwa, na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyefungua dirisha kutazama nje.

"MAMA ALFAJIRI!" akapiga kelele mwalimu wa chekechea kutoka chini ya draya, kwa sababu mtu akiwa chini ya draya anadhani dunia nzima imeziba masikio, "YA LEO ILINIGUSA! NILIKUWA USINGIZINI LAKINI ILINIGUSA!", naye akainua kichana kumjibu, akacheka, meno yote nje, na ndani akasinyaa. Mama Alfajiri. Jina alipewa kanisani, mchungaji alilitamka mbele ya watu, tunaye Mama Alfajiri wetu, simama mama, akasimama, wakapiga makofi, na tangu siku ile hata muuza nyanya wa jirani anamwita hivyo, na mume wake, fundi wa kuchomelea mageti, akitaka kumtania anamwambia, "Mama Alfajiri, saa mbili hii, chai iko wapi?", anacheka peke yake, hajui amegusa wapi. Na jina halikuanza kwa uongo. Hilo hujirudia kila anapotaka kujihurumia, halikuanza kwa uongo, lilianzia kwenye kichwa hiki hiki alichokishika sasa, kilipokuwa hakijachanwa, kimefungwa kitambaa cheusi, wifi alipomzika mtoto wake, mtoto ambaye hakufikisha hata umri wa kucheka, na baada ya watu kutawanyika na sufuria za msiba kurudishwa kwa wenyewe, simu ililia alfajiri moja na wifi akasema, "Siwezi kuamka. Naweka mguu chini naona hakuna sababu, naurudisha." Basi yeye aliamka. Alitoka chumbani kwa vidole vya miguu, akaketi jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, hakujua aseme nini, hakuwa mtu wa kuomba kwa sauti, akasema, Bwana, tumeamka wawili, hatuna maneno, tazama. Basi. Kwenye simu akamsikia wifi anapumua, akasikia kitanda kikilia, akasikia mguu umeshuka chini. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Hiyo ilikuwa sala, anajua ilikuwa sala kwa sababu hakukumbuka hata mara moja kujisikiliza.

"...halafu kaka hataona vibaya?" wifi alikuwa anasema, na yeye hakusikia mwanzo, akasema, "Aa, hapana, vibaya vya nini," bila kujua amekubali kitu gani, vidole vinakwenda, gawa tatu, pitisha, ongeza, pitisha, vidole havina dhambi, vinafanya kazi yao... halafu wifi kwa wema wake akasema mbona ninywe peke yangu maji haya, tuma na kwa akina mama, kwa sauti ya kurekodi, kila mtu aisikie anapoamka, na akina mama wakapenda, na yeye akapenda kupendwa, nani asiyependa, sala zikaanza kurefuka, zikaongezwa chumvi, akajikuta anatafuta neno zuri jioni akiwa anaosha vyombo, siyo la kumwambia Mungu, la kuwaambia akina mama. Kisha akaona haya, akasema sasa nitakuwa mtu wa maombi kwelikweli, nitalistahili jina, akajitungia sheria ambazo hata watawa wangeomba ruhusa, kuamka wakati hata mbwa wamelala, sura kadhaa za Biblia kabla ya kugusa maji, kufunga katikati ya wiki huku anasimama kutwa kwenye vichwa vya watu, magotini mpaka miguu ife ganzi, na alikuwa analala magotini, alilala paji la uso likiwa kwenye kiti cha ukindu, akaja kazini na mistari ya ukindu usoni, mteja akamwuliza, "Dada, umepigwa?" Akikosa siku moja, kesho yake alijiongezea mara mbili kama adhabu, akikosa na hiyo, alikaa siku nzima hamtazami Mungu usoni, kama mtoto aliyevunja sahani anayezunguka nyuma ya nyumba, mpaka siku moja akaona ni rahisi kutoingia nyumbani kabisa. Akaacha. Siyo kuacha kanisa, Mungu apishe mbali, kanisani alikuwa wa kwanza, aliacha lile la chumbani, lile ambalo hakuna anayelijua. Lakini akina mama walikuwa wanasubiri sauti.

Na ndipo ile siku ya masika. Mvua ilishika tangu asubuhi, hakuna mteja, nani asuke nywele zilowe, akachukua simu akaingia stoo ya nyuma, akaketi katikati ya mafungu ya nywele za bandia kwa sababu aligundua zinameza mwangwi, sauti inatoka laini, inatoka ya karibu, akarekodi sala ya kesho, ikatoka vizuri, akarekodi ya kesho kutwa, ikatoka vizuri zaidi, akaona mbona kazi nyepesi, akaendelea mpaka chai ikapoa, ya Jumatatu aliipa sauti ya kukwaruza kidogo ili ionekane ameamka nayo, ya Jumapili akaichangamsha, kati ya Bwana na asifiwe aliwahi kumeza funda la chai, na mabati yalipozidi kelele mpaka hakuna namna ya kuyaficha, hakuyaficha, akayatumia, mnaisikia mvua hiyo, na alipomaliza sentensi ile, hata mbingu zimeamka kuomba, alitabasamu mwenyewe kule gizani, akasema moyoni, hii imekaa. Hilo ndilo linalomchoma sasa kuliko vyote, kuliko kulala, kuliko kidole gumba, lile tabasamu, kwamba alifanya vizuri, kwamba alikuwa fundi. Masika yakaisha, sala zikawa zinatoka kapuni moja moja kama mayai, alitosheka, hata hazisikilizi tena kabla ya kutuma, na leo kapu limemtolea yai la mvua katikati ya kiangazi, na mwenyewe, kwa kinywa chake, tangu masika mpaka leo hajamwambia Mungu neno, hata kwenye chakula, watu wakiinamisha vichwa anachezesha midomo, anasubiri wamalize, anasema amina kwa sauti kuliko wote.

"Kwa hiyo nije na shuka langu au mnalo?" akauliza wifi.

"Shuka la nini?"

"Wee, si nimekuuliza sasa hivi ukasema hakuna vibaya? Nije kulala kwako leo. Nataka tuamke pamoja mara moja tu, nipige magoti pembeni yako, nione unavyofanya. Sauti peke yake... sijui, wifi. Siku hizi naisikia lakini nyumba inabaki vile vile."

Akasema karibu, karibu sana, shuka lipo, utalala na watoto, na kichwani akaanza kupanga kama mtu anayepanga viti vya harusi, kengele ataiweka mapema, ataamka kabla ya wifi ili amkute ameshainama, jikoni, hapana, sebuleni, jikoni kuna mende, Biblia iwe wazi kwenye Zaburi, ile iliyochakaa pembeni, chakavu kinapendeza, atavaa lile gauni la kulalia lenye mikono, atanyamaza kwanza kwa muda, kunyamaza kunaonyesha uzito, kisha atasema... na hapo akaacha kupanga, kwa sababu aliona kwamba ataweza. Ataweza kabisa. Hatakosea hata sehemu moja, wifi atalia, kesho atawasimulia akina mama, na jina litapanda daraja jingine, na wifi atarudi kwake na nyumba itabaki vile vile. Uso umeumbwa na haya, watu husema, wake ulikuwa umewaka hadi masikioni, na hakuna aliyeuona isipokuwa kile kioo kirefu cha mbele, akaepusha macho, akamwona badala yake mwalimu wa chekechea amesinzia chini ya draya, mdomo wazi, ana amani ya mtu ambaye hajaahidi chochote.

"Wifi, unanikaza," wifi akasema, "polepole, macho yanavutika."

Akaachia haraka. Samahani. Akaona kweli ngozi imepanda juu kwenye panja, vipele vidogo vimeanza kujitokeza kwenye mizizi ya nywele, yeye, yeye ambaye kila mteja anayekaa hapa humwimbia wimbo ule ule, nywele haziogopi mkono wa kila siku, zinaogopa mkono wa nguvu, ukizikaza leo ili zikae mwezi mzima zitakatika, na kuna bibi harusi mmoja aliyemjia mwaka ule, paji la uso limerudi nyuma mpaka katikati ya kichwa kwa kupenda misuko ya kukaza, akamwambia dada, kwanza tuzifumue, tuzipake mafuta kidogo kila siku, kidogo tu, tusitafute urefu, na zikaota, zilichukua muda wake lakini zikaota... anayajua haya. Anayafahamu kwa vidole. Akafumua msuko wote wa panja, taratibu, akaupiga mafuta, akapuliza, kama alivyokuwa akipulizwa yeye na mama yake, na huyu sasa mama amekuja kufanya nini hapa, hakuitwa, amekuja na beseni lake. Mama alikuwa anafua nguo za watu, na kila asubuhi, kabla ya nguo ya kwanza, alitumbukiza mikono kwenye maji, akasimama kidogo hivi, akasema, Bwana, asubuhi imefika na mimi nimefika. Akaanza kusugua. Hiyo tu. Jioni akikamua ya mwisho alisema, nimemaliza, zilizobaki ni zako, kana kwamba wanagawana mafungu ya nguo, yeye na Mungu. Na yeye akiwa mtoto aliona aibu ya sala ile fupi yenye povu, mwalimu wa shule ya Jumapili alipouliza darasani wazazi wenu huombaje nyumbani, mtoto mmoja akasema baba yangu hulala kifudifudi, mwingine akasema sisi hukesha, naye akanyoosha mkono juu, akasema, mama yangu hupiga magoti saa nzima. Kumbe. Kumbe hata masika hayakuwa mwanzo. Maneno yakamfikia mama, maana maneno ya watoto hayakosi miguu, na mama hakumpiga, alicheka mpaka akashika kiuno, akasema, "Saa nzima! Na nguo za watu angefua nani?" Akarudi kwenye beseni. Lakini hakuwahi kukosa, hilo mtoto yule hakulihesabu kuwa kitu, mama hakuwahi kukosa, hata asubuhi ya baada ya kumzika baba, macho yamevimba, mikono ikaingia kwenye maji, asubuhi imefika na mimi nimefika, sauti ilikuwa haina utamu wowote, ilikuwa kama ya mtu anayebisha hodi kwenye mlango anaoujua.

"...sasa mimi mvua hiyo," wifi alikuwa amerudi huko, Mungu wangu, amerudi kwenye mvua, na sauti yake ilikuwa imeshuka ili mwalimu asisikie, ingawa mwalimu alikuwa anakoroma, "usinicheke, wifi. Nilikuwa nimepiga magoti pale pale kitandani, nikaisikia, nikasema jamani mvua, kiangazi hiki, nikatoka nje. Nimejifunga shuka tu. Nikasimama uani nikanyoosha mkono, hivi," na akaunyoosha, mkono wa kushoto, kiganja juu, ukapita mbele ya picha za ukutani ukakaa hewani, "nikangoja. Simu iko ndani inalia mvua na mimi niko nje mkono mkavu. Nikasogea kule kusiko na mti. Mkavu. Nikasema basi, ni mimi." Yeye vidole vilikuwa vimesimama, msuko mmoja umebaki katikati, akauliza, na hakutaka kuuliza, "Ni wewe vipi?", na wifi akasema, "Tangu mtoto aondoke kuna vitu sivisikii mwilini. Chai inaniunguza naona baadaye ulimi umetoka lengelenge. Nikasema labda inanyesha kweli, kila mtu inamnyeshea, wenzangu si nimeona wameandika amina wameipata, mimi tu ndiyo sihisi. Nilisimama pale mpaka kukapambazuka. Ndiyo maana nikakuuliza. Na wewe ukasema manyunyu, basi nikajua ilikuwepo."

Mkono ulikuwa bado uko hewani. Akautazama. Kiganja chenye mistari yake, kucha zimekatwa fupi, kovu dogo la pasi kwenye kifundo, mkono ulionyooshwa gizani kuupokea uongo wake, kati ya watu wote waliosema amina ni huyu mmoja tu aliyeamini kiasi cha kutoka nje, ni huyu mmoja, na yeye amemfanya ashuku ngozi yake mwenyewe, na dakika chache zilizopita, hapa hapa, kwa manyunyu, akapigilia msumari... anataka ardhi ipasuke, anataka mwalimu aamke apige kelele, anataka mteja aingie na mtoto anayelia, hakuna anayeingia, draya inavuma, nje mtu anaburuta kitu kizito kwenye changarawe, na akaona aibu hii siyo ile aliyoizoea, ile ya siku zote ilikuwa ya kujificha, watu wakijua watasemaje, mchungaji atasemaje, jina je, hii haikuuliza watu watasema nini, hii ilikuwa inautazama mkono tu. Sema kitu, akajiambia, na midomo ikataka kutoa ile sauti, nzito kidogo, wapendwa, wifi mpendwa, Bwana anasema... akaibana. Hapana. Siyo hiyo. Chini ya hiyo hakupata kitu, alitafuta, hapakuwa na neno zuri hata moja, kapu tupu, pakavu kama uani kwa wifi, na katika ukavu ule mikono yake ilikuwa kwenye nywele za mtu, imepakwa mafuta mpaka kwenye vifundo, imesimama kidogo hivi kabla ya kuanza, na akakijua kituo hicho, akamjua aliyekuwa akisimama hivyo. Bwana. Asubuhi imeshapita. Nimechelewa, lakini nimefika. Haikuchukua hata muda wa kupitisha msuko mmoja, hakuisikiliza ikiwa nzuri au mbaya, alijua tu kwamba ameisema, na kwamba tangu masika hiyo ndiyo ya kwanza, na kwamba baada ya kuifikisha hiyo haiwezekani tena manyunyu yabaki yalipo.

"Wifi," akasema.

"Mm?"

"Haikunyesha."

Kichwa hakikusogea.

"Haikunyesha hata tone. Ile sauti niliirekodi masika, hapo stoo, siku ya mvua. Nilirekodi nyingi, ndizo ninazowatumia. Leo alfajiri nilikuwa nimelala." Na ulimi ukataka kuongeza, miguu inaniuma, wifi, nasimama kutwa, wateja, watoto, ukawa na orodha ndefu tayari, akaumeza wote, ukashuka kama kidonge kikubwa bila maji. "Manyunyu nayo nilidanganya. Wewe ndiye uliyekuwa macho. Wewe peke yako."

Draya ikavuma. Kisogo ni kisogo, hakina uso, hakisemi kama kimesamehe au kimekasirika, aliona tu shingo imekaza kisha ikashuka, akaona mabega yanapanda na kushuka, na hakujua kama wifi atasimama atoke na nusu ya kichwa, ana haki, atatoka hivyo barabarani na akina mama watauliza na yeye atawajibu, na hata hivyo mikono yake ilikuwa imekaa pale pale, juu ya nywele, inangoja. Wifi aliurudisha mkono wake gotini. Akaugeuza, kiganja juu, kiganja chini, akaupitisha kwenye shavu lake taratibu, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Kumbe mkono wangu ni mzima," akasema.

Halafu akavuta kamasi, akakaa sawa kwenye kigoda, akainamisha kichwa kidogo upande wa panja ambalo lilikuwa bado halijasukwa, na yeye akachukua kichana, akagawa nywele tatu, akapitisha, bila kukaza.